Nenosiri jipya, kompyuta bado imeng'ang'ania la zamani

Malalamiko huja karibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Kaka, paswedi nimebadilisha, kwenye simu inafungua vizuri, ila kwenye kompyuta inaniuliza tena na tena." Au lile jingine linalochanganya zaidi: "Barua zinaingia, ila hazitoki." Anayesema hivyo kwa kawaida ameshaliandika nenosiri jipya mara kadhaa kwenye kile kidirisha kinachochomoza katikati ya kazi, ameshazima kompyuta na kuiwasha, na sasa anakaribia kufuta akaunti nzima ili aanze upya. Kabla hajafika huko inafaa aelewe kinachoendelea ndani ya mashine. Hakuna uchawi hapa. Kuna kanuni chache tu ambazo mtu haelezwi siku anapofunguliwa barua pepe ya ofisi.

Ya kwanza ni kwamba kuandika nenosiri jipya ndani ya programu ya barua pepe kama Thunderbird, Outlook au Mail ya Apple hakubadilishi nenosiri la akaunti yako. Nenosiri lenyewe liko kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayotunza barua zako, iwe ya Google, ya Microsoft au ya kampuni iliyowauzia jina la tovuti linaloishia na .co.tz au .co.ke. Kilichoko mezani kwako ni nakala. Ukibadilisha kule, nakala haina habari. Fundi akibadilisha kitasa cha mlango, funguo zilizomo mifukoni mwa watu hazibadiliki zenyewe. Kwa hiyo kazi ni mbili na zina mpangilio: seva kwanza, nakala baadaye. Anayeingia kwenye mipangilio ya Outlook na kuandika nenosiri alilolibuni asubuhi hiyo, wakati kule kwenye seva bado lipo la mwaka jana, amejifungia nje mwenyewe.

Ya pili ndiyo inayowaangusha wengi: nakala si moja. Kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa akaunti hiyohiyo, nenosiri huwa limehifadhiwa angalau mara mbili, moja kwa ajili ya kupokea barua na nyingine kwa ajili ya kutuma. Ndiyo sababu unaweza kusoma kila kinachoingia huku barua zako zikilundikana kwenye Outbox. Umesahihisha nakala moja, nyingine bado ni ya zamani.

Kwa nini ziwe mbili? Jibu liko kwenye historia. SMTP, itifaki (yaani kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta) ya kutuma barua, iliandikwa na Jonathan Postel na kuchapishwa Agosti 1982, na haikuwa na sehemu ya nenosiri kabisa. Kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na wenyewe wakifahamiana. Seva ilipokea barua kutoka kwa yeyote aliyeileta. Kusoma ilikuwa habari nyingine, maana kikasha ni cha mtu binafsi. Kwa hiyo itifaki za kupokea barua, POP iliyotoka 1984, na IMAP ambayo Mark Crispin alianza kuibuni 1986, zilidai jina na nenosiri tangu mwanzo. Watuma barua taka walipogundua kwamba upande wa kutuma hauulizi kitu, wenye seva wakaanza kutafuta vizuizi. Kimoja kilikuwa kichekesho: ulitakiwa usome barua zako kwanza, ndipo seva iikumbuke anwani ya kompyuta yako kwa muda mfupi na kukuruhusu kutuma. Utaratibu rasmi wa kujitambulisha unapotuma ulichapishwa Machi 1999, ukapachikwa juu ya itifaki iliyokuwa na miaka 16 na zaidi. Mpaka leo hizi ni huduma mbili, hata zikikaa kwenye mashine moja: IMAP hupitia poti (mlango wa seva wenye namba yake) 993, POP 995, na kutuma hupitia 465 au 587. Kila moja huulizwa na kujibu kivyake.

Tuanze na Thunderbird, kwa sababu ndani yake mambo haya yanaonekana kwa macho. Menyu za kompyuta zetu nyingi ni za Kiingereza, kwa hiyo nitayataja majina jinsi yanavyosomeka kwenye skrini. Bonyeza ile alama ya mistari mitatu, fungua Settings, kisha Privacy & Security, halafu Saved Passwords. Litatokea jedwali. Mstari mmoja utaanza na imap:// ukifuatiwa na jina la seva yako, na pembeni anwani yako ya barua pepe. Mwingine utaanza na smtp://. Ukitumia POP, badala ya imap utaona mailbox. Kama kalenda ya ofisi nayo imeunganishwa humo, ina mstari wake tena, wenye https. Hapo ndipo mtu huguna, maana amekuwa akidhani nenosiri lake ni moja.

Ukishaiona mistari hiyo, kazi ni nyepesi. Chagua ile ya akaunti husika, wa kupokea na wa kutuma, bonyeza Remove, funga programu kabisa kisha ifungue tena. Bonyeza Get Messages. Programu haina tena nakala ya kutumia, hivyo itakuuliza. Andika nenosiri jipya na uweke alama kwenye kile kisanduku kinachosema itumie kidhibiti cha manenosiri kulikumbuka. Ukikisahau, kesho utaulizwa upya na utadhani umekosea. Halafu, bila kusubiri, jitumie barua wewe mwenyewe. Upande wa kutuma hauulizi nenosiri mpaka utume kitu, na watu wengi hufunga suala barua zikianza kuingia, wakaja kugundua jioni kwamba nukuu ya bei aliyokuwa akiisubiri mteja haikutoka.

Kuna njia fupi pia. Thunderbird ikikataliwa na seva, huonyesha kidirisha chenye chaguo la kujaribu tena, kuandika nenosiri jipya, au kughairi. Wengi hubonyeza Retry, ambayo humaanisha jaribu tena kwa nenosiri lilelile lililokataliwa. Wanarudia, seva inakataa, wanarudia tena. Kinachotakiwa ni Enter New Password.

Tukiwa kwenye jedwali hilohilo, kuna kitufe cha Show Passwords, na kinaeleza jambo kubwa kuliko kinavyoonekana. Ukikibonyeza, nenosiri lako hutokea wazi, herufi kwa herufi. Sasa mpigie msimamizi wa seva umwambie akutajie nenosiri lako la zamani: hawezi. Anaweza kukuwekea jipya tu. Tofauti hiyo ina sababu. Seva iliyosimamiwa vizuri haihifadhi nenosiri lenyewe. Huhifadhi alama iliyokokotolewa kutokana nalo, na hesabu hiyo haigeuziki kurudi nyuma. Ukiingia, seva hukokotoa upya kutokana na ulichoandika na kulinganisha. Programu ya kwenye kompyuta haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu yenyewe ndiyo inayotakiwa kulitaja nenosiri kila inapokwenda kuulizia barua. Katika IMAP ya kawaida hutuma mstari wenye neno LOGIN, jina lako, na nenosiri kamili. Seva ikiridhika hujibu OK. Isiporidhika hujibu NO, mara nyingi pamoja na neno AUTHENTICATIONFAILED. Kinacholinda mazungumzo hayo njiani ni usimbaji wa muunganisho, ule wa SSL/TLS kwenye mipangilio. Kwenye diski yako, hata hivyo, nenosiri lazima likae katika namna inayoweza kufumbuliwa.

Thunderbird hulisimba na kuliweka kwenye faili liitwalo logins.json, na ufunguo wa kulifumbulia huwekwa kwenye faili liitwalo key4.db. Mafaili yote mawili yamo kwenye folda moja. Anayekunakilia folda hiyo ameondoka na kila kitu, isipokuwa kama uliweka Primary Password, nenosiri la juu ambalo programu hukuuliza kabla ya kuyafungua mengine. Kwa mtu mwenye kompyuta yake peke yake nyumbani, naona ni hiari. Kwa kompyuta ya mapokezi inayokaliwa na watu watatu kwa zamu, kutoiweka ni uzembe.

Outlook ya Windows, ile ya siku nyingi inayokuja na Office, ina mahali pake: File, kisha Account Settings, na katika matoleo ya karibuni kuna Update Password papo hapo kwa akaunti za IMAP na POP. Tatizo la Outlook ni kwamba nakala nyingine hukaa nje yake. Windows ina ghala lake la vitambulisho, Credential Manager, linalofunguliwa kupitia Control Panel. Outlook ikiendelea kuuliza hata baada ya kuandika sahihi, mara nyingi kuna kitambulisho cha zamani humo kinachorudishwa mezani kila mara. Ifunge Outlook, ingia Windows Credentials, tafuta mistari inayotaja Office, Outlook au jina la seva yako, iondoe, kisha fungua Outlook upya. Usifagie kila kitu humo. Nenosiri la printa ya mtandao na la folda ya pamoja ya ofisi nayo yanaweza kuwa hapo.

Outlook mpya, ile ambayo Windows 11 huja nayo, haifanani na hiyo ya zamani. Ukiiwekea akaunti ya IMAP ya ofisi, barua na taarifa za kuingilia hupelekwa kwenye seva za Microsoft, na huko ndiko kunakofanyika kazi ya kwenda kuchukua barua. Kwa hiyo msimamizi wa seva yenu akiona kwenye kumbukumbu kwamba akaunti yako inafunguliwa kutoka nchi za mbali, asishtuke kabla ya kuuliza unatumia programu gani. Ni jambo la kulijua pia kwa ofisi ambazo mikataba yao na wateja inasema taarifa zikae wapi.

Kwenye Mac habari ni fupi. Manenosiri hukaa kwenye Keychain, ghala la manenosiri la mfumo, na Mail hukuwezesha kuyaona ya kupokea na ya kutuma katika Settings, Accounts, Server Settings, moja juu na jingine chini yake. Watu husahihisha la juu na kuondoka.

Mpaka hapa tumezungumzia akaunti ambazo programu huingia kwa jina na nenosiri. Akaunti za Gmail na za Microsoft zimeshahama, na hapa ndipo maelezo mengi ya zamani humpoteza mtu. Kuanzia 30 Mei 2022 Google iliacha kuziruhusu programu za nje kuingia kwenye Gmail binafsi kwa nenosiri la kawaida. Microsoft ilianza kuizima njia hiyo kwa wateja wa ofisi tarehe 1 Oktoba 2022, na kwa akaunti binafsi za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Ukiwa bado umeacha Authentication Method, yaani mpangilio wa njia ya kuingia, kwenye Normal password, unaweza kuandika nenosiri sahihi mpaka usiku na bado ukaambiwa si sahihi. Seva haibishani na nenosiri, inakataa njia uliyoijia.

Njia mpya ni OAuth2. Programu hukufungulia ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe, unaingia huko, unathibitisha kwa simu kama umewasha hatua ya pili, kisha Google huipa programu tokeni: mlolongo mrefu wa herufi unaoiruhusu kugusa vile tu ulivyoidhinisha, kama barua zako. Programu hailijui nenosiri lako hata kidogo. Kwenye lile jedwali la Thunderbird, badala ya mstari wa imap utakuta unaoanza na oauth://. Huo hauandikiki kwa mkono. Ukibadilisha nenosiri la Google, tokeni zinazogusa Gmail hufutwa, na programu hukutaka uingie upya kwenye ukurasa ule. Ikigoma kukuletea ukurasa, futa mstari wa oauth na ubonyeze Get Messages. Ukurasa ukija lakini ukazunguka bila mwisho, angalia kama vidakuzi (cookies) vimezimwa ndani ya Thunderbird, maana ukurasa wa Google hauwezi kukamilisha kazi bila hivyo.

Kubadilisha njia hufanyika sehemu mbili tena. Kwa kupokea ni kwenye Server Settings ya akaunti. Kwa kutuma ni kule chini kabisa ya Account Settings, penye Outgoing Server, ambako seva za akaunti zako zote za kutuma zimeorodheshwa pamoja. Ni rahisi kupapita pale, na ndiyo maana "zinaingia ila hazitoki" imeendelea kuishi hata zama za tokeni.

Kuna programu za zamani zisizojua OAuth2. Kwa hizo Google hutoa nenosiri la programu, herufi 16 zinazotengenezwa na Google yenyewe, kwa sharti kwamba umewasha uthibitishaji wa hatua mbili. Hilo ndilo unaloliandika kwenye programu badala ya nenosiri lako. Lina tabia moja inayofaa kukumbukwa: siku unapobadilisha nenosiri kuu la Google, manenosiri yote ya programu hufutwa, ukatakiwa kutengeneza mengine.

Sasa tuje kwenye sehemu inayosumbua ofisi zetu kuliko zote, nayo haihusu kuandika nenosiri bali kurudiarudia lililokwisha kufa. Thunderbird kwa kawaida huenda kuulizia barua kila baada ya dakika 10. Simu huenda muda wote, kimyakimya, mfukoni. Ukibadilisha nenosiri saa tatu asubuhi na kusahau kwamba akaunti hiyo imo pia kwenye simu yako, kwenye tableti iliyoko nyumbani na kwenye kompyuta ya bosi anayependa kuona nakala, vifaa hivyo vyote vinaendelea kugonga seva kwa nenosiri la jana. Seva haiwezi kujua kwamba ni wewe. Kwa macho yake, huyo ni mtu anayebahatisha.

Seva nyingi zina ulinzi dhidi ya wabahatishaji. Mmojawapo unaotumika sana ni Fail2ban, ambao kwa mipangilio yake ya kawaida huhesabu makosa matano ndani ya dakika 10, kisha huifungia anwani ya IP kwa dakika 10, na wasimamizi wengi huurefusha muda huo. Angalia neno anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha muunganisho wenu kwenye intaneti. Ofisi yenye watu 15 nyuma ya ruta moja huonekana nje kama anwani moja. Simu ya mtu mmoja yenye nenosiri la zamani inaweza kuwafungia wote 15, na wale 14 wengine, ambao hawajagusa chochote, wataona barua zimekatika na kulaumu intaneti. Dakika 10 zikiisha, barua zinarudi, simu inagonga tena, zinakatika tena. Hali ya kuja na kuondoka namna hiyo huwafanya watu wabadilishe hata ruta.

Kipimo chake ni chepesi. Washa hotspoti ya simu, unganisha kompyuta moja hapo, jaribu kupokea. Zikija kwa hotspoti na zikakataa kwa intaneti ya ofisi, anwani ya ofisi imefungiwa, na anayeweza kuifungua ni mwenye seva. Mpigie, mtajie anwani yenu ya IP, lakini tafuteni kwanza kifaa kinachogonga, la sivyo mtampigia tena baada ya chakula cha mchana. Kumbukumbu za seva huonyesha ni akaunti ya nani inayokosea. Mwombe akutajie jina hilo.

Kwa seva zenye cPanel, programu ya kusimamia tovuti na barua, ambazo ni nyingi kwenye huduma za bei nafuu, ulinzi mwingine huitwa cPHulk, nao una hila. Ukishafungiwa nao hautakuambia kwamba umefungiwa. Utaambiwa tu kwamba taarifa zako za kuingia si sahihi, hata ukiwa umeandika sahihi kabisa. Hapo mtu hubadilisha nenosiri mara ya pili, na ya tatu, akiamini amelikosea, na kila badiliko linaongeza vifaa vyenye nakala iliyopitwa. Ukiona nenosiri ulilolithibitisha linakataliwa, acha kuandika. Zima mtandao kwenye vifaa vyote vyenye akaunti hiyo, subiri, kisha jaribu kwa kifaa kimoja.

Hii ndiyo sababu ya kuusoma ujumbe wa kosa badala ya kuufunga haraka. Ukitaja authentication failed, au namba 535 upande wa kutuma, seva imefikiwa na imekataa utambulisho: tazama nenosiri, jina la mtumiaji, au njia ya kuingia. Jina la mtumiaji kwenye seva nyingi za ofisi ni anwani nzima pamoja na @, si sehemu ya mwanzo tu. Ujumbe ukisema muda umeisha au muunganisho umekataliwa, seva haikufikiwa kabisa, na nenosiri halihusiki: ni mtandao, ni poti, au ni kufungiwa. Ukitaja certificate, ni suala la utambulisho wa seva yenyewe, na si vizuri kubonyeza kukubali kabla ya kumuuliza anayeisimamia.

Kabla ya kugusa programu yoyote, jaribu nenosiri jipya kwenye kivinjari, kupitia webmail ya ofisi, yaani ukurasa wa tovuti wa kusomea barua. Hapo hakuna nakala ya mtu wala tokeni ya nani. Likikubaliwa huko, nenosiri ni zima na tatizo ni la programu. Likikataliwa huko, usipoteze muda na Outlook. Angalia pia namna ulivyolipata: nenosiri lililonakiliwa kutoka WhatsApp huja mara kwa mara na nafasi tupu mwishoni, na simu hupenda kuifanya herufi ya kwanza kuwa kubwa bila kuulizwa.

Nimeshataja ile hamu ya kufuta akaunti na kuiweka upya. Mafundi wa haraka huipenda kwa sababu hufanya kazi, mara nyingi. Kwa akaunti ya IMAP hasara yake ni muda na data: barua ziko kwenye seva na zitashuka tena, gigabaiti zote, kwa kifurushi chako. Kwa akaunti ya POP ni hatari. POP kwa asili yake huchukua barua na inaweza kuziondoa kwenye seva, kwa hiyo kumbukumbu za miaka sita za mhasibu zinaweza kuwa zimo kwenye diski ya kompyuta hiyo pekee. Fungua mipangilio ya akaunti usome imeandikwa nini kabla mtu hajafuta. Ikisomeka POP, folda nzima inakiliwe kwenye diski ya nje kwanza. Na kwa kweli, kwa suala la nenosiri tu, sijaona sababu ya kufuta akaunti wakati mistari miwili ya jedwali ingetosha.

Wezi nao wameusoma usumbufu huu. Barua inayosema "nenosiri la kikasha chako limekwisha muda, thibitisha hapa ili uendelee kupokea barua" hufika ofisini zaidi ya zile za urithi wa jenerali. Ifikirie kidogo: imefikaje? Programu yako imeingia kwenye seva, ikakubaliwa, ikaichukua. Nakala iliyohifadhiwa inafanya kazi. Nenosiri likikataliwa kweli, habari huja kwa kidirisha cha programu yenyewe, na barua mpya huacha kuingia. Zipo ofisi ambazo kwa sera yao nenosiri hubadilishwa kila baada ya muda na mfumo hutoa onyo mapema. Hata hizo, ingia kwa anwani unayoijua, kamwe si kwa kiungo cha kwenye barua.

Siku ya kubadilisha, basi, mpangilio unaopunguza maumivu ni kuvinyamazisha vifaa vyote kwanza: simu ziwekwe katika hali ya ndege au usawazishaji wa akaunti hiyo uzimwe, programu za kompyuta zifungwe. Badilisha kwenye seva kupitia webmail. Jaribu kwenye kivinjari. Kisha fungua kifaa kimoja baada ya kingine, kwenye kila kimoja pokea barua na utume moja.

Wakati sababu ya kubadilisha ni mtu aliyeondoka kazini, au laptopu iliyoibwa, fahamu kwamba nenosiri jipya huzuia barua zijazo tu. Zile zilizokwisha kushuka kwenye laptopu hiyo zinasomeka bila seva. Kwenye Google na Microsoft ingia kwenye ukurasa wa usalama wa akaunti uondoe kifaa hicho; kwa seva ya ofisi mwombe msimamizi akate miunganisho iliyo wazi, kwa sababu muunganisho wa IMAP uliokwisha kukubaliwa unaweza kuendelea kuishi baada ya nenosiri kubadilika.

Na kuna kifaa kinachosahaulika karibu kila ofisi: mashine ya kunakili inayoskani na kutuma kwa barua pepe. Nayo hutumia SMTP, nayo ina nakala ya nenosiri, na haina kidirisha cha kukuuliza. Itaskani, italia, na barua haitafika. Vivyo hivyo programu ya uhasibu inayotuma ankara kwa wateja na fomu ya mawasiliano kwenye tovuti. Kwa mashine ya kunakili, andika anwani yake ya IP kwenye kivinjari cha kompyuta iliyo kwenye mtandao uleule, ingia kama msimamizi, tafuta penye SMTP au Email, ubadilishe humo. Nenosiri la msimamizi wa mashine mara nyingi analo fundi aliyeifunga, kwa hiyo mpigie kabla ya siku ya kubadilisha.